Fizikia ya Mpemba na ripoti yetu ya mwaka

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) halitangazi tena shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora. Siku ya kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Athumani Amasi, wakati huo Kaimu Katibu Mtendaji wa NECTA, alisema utaratibu ule hauna tija na wameachana nao. Ofisini kwetu walimu tulikuwa tumeizunguka simu moja iliyokuwa na bando, na ubishi ukawaka hapo hapo. Mwalimu wa taaluma akauliza watoto sasa watapambania nini. Mwalimu wa Kiswahili naye akamuuliza ni lini mtoto wa shule hii aliwahi kuingia kumi bora. Tukacheka, na mwenyewe akacheka.

Mimi nilikuwa upande wa NECTA na bado nipo. Shule inayochuja watoto mlangoni kwa mtihani wa kujiunga, kisha ikachuja tena kidato cha pili, haiwezi kupangwa mstari mmoja na shule ya kata inayopokea kila aliyefaulu darasa la saba kwenye vijiji vya jirani. Lakini orodha ilipoondoka serikalini ikahamia barabarani. Pita barabara kuu yoyote mwezi wa pili uone mabango: DIVISION ONE hamsini na ngapi, DIVISION FOUR hakuna, ZERO hakuna, na watoto waliovaa tai wanakutazama kana kwamba wanagombea udiwani. Mzazi anasoma bango hilo akiwa kwenye daladala, anafika nyumbani anamtazama mwanawe anayesoma kwetu, anaguna.

Sisi hatuna bango. Tuna ripoti ya mwaka, inayosomwa kwenye kikao cha wazazi, na ndani yake kuna kipengele kinachoitwa “Shughuli na mafanikio ya wanafunzi”. Kwa sababu zisizo na mantiki kubwa, kipengele hicho huniangukia mimi, mwalimu wa Fizikia. Ukinipa ripoti ya mwaka juzi na ya mwaka jana bila tarehe, sina hakika kama nitajua ipi ni ipi. Wanafunzi kadhaa walishiriki UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, wawili wakachaguliwa timu ya mkoa. Klabu ya mazingira ilipanda miti. Klabu ya sayansi ilishiriki maonyesho. Mdahalo ulifanyika. Wanafunzi walitembelewa na Afisa Elimu Kata, ambaye aliwaasa.

Walifanya nini huko kwenye maonyesho? Haisemwi. Miti ilipandwa wapi, na nani aliimwagilia likizo ya Desemba? Haisemwi. Majina ya wageni yamo yote na vyeo vyao. Mtoto ndiye hayumo.

Hofu iliyotufikisha hapa naielewa. Walimu wa umri wangu hawajasahau Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakawa wamepata sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na walimu wakuu waliitwa kila mahali kujieleza. Tangu hapo kila kitu shuleni kinapimwa kwa swali moja: hili litaongeza ufaulu? Klabu ikishindwa kujibu, inahamishiwa Ijumaa saa tisa, saa ambayo watoto wanatakiwa kufanya usafi. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Waziri wa Elimu Joseph Mungai alishafuta hata mashindano ya UMISSETA na yale ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yakaja kurudishwa baadaye. Kwa hiyo si ugonjwa mpya.

Hata hivyo, nchi hii ina mafanikio moja ya mwanafunzi wa sekondari ambayo yanajulikana kwenye vyuo vikuu vya dunia nzima, na hayakutokana na mtihani. Yalitokana na kugombania nafasi kwenye friji.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana wa pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Unanunua maziwa kwa akina mama wa jirani, unayachemsha, unatia sukari, unasubiri yapoe mpaka karibu na joto la kawaida, ndipo unayaweka kwenye sehemu ya barafu ya friji. Friji ni moja, trei ni chache, wavulana ni wengi. Siku hiyo Mpemba alikuwa bado anachemsha. Mwenzake alipomwona hivyo, akachanganya maziwa yake mabichi na sukari, akakimbilia friji bila hata kuyachemsha. Mpemba akapiga hesabu: akisubiri yapoe, trei ya mwisho inakwenda. Akaona bora kuliharibu friji kuliko kukosa, akayaweka ya moto hivyo hivyo. Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili kuangalia. Trei ya Mpemba ilikuwa imeganda. Ya mwenzake ilikuwa bado uji mzito.

Mtu yeyote aliyekaa bweni analijua friji hilo hata kama hajawahi kuliona. Ninachopenda kwenye kisa hiki ni kwamba hakuna aliyekuwa akifanya sayansi. Walikuwa na njaa na ushindani. Sayansi ilianza pale mtoto alipoliona jambo na akakataa kuliacha lipite.

Alimuuliza mwalimu wake wa Fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganya, jambo hilo haliwezekani. Akaamini, kwa muda. Likizo moja akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, akamwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko wa moto makusudi kwa sababu unaganda upesi. Wauzaji wa Tanga walishalijua. Halikuwa limefika darasani tu.

Alifaulu, akaenda Mkwawa, Iringa, siku hizi ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Walipofika kwenye Kanuni ya Newton ya kupoa, inayosema kitu hupoa kwa kasi zaidi kadiri joto lake linavyolizidi la mazingira yake, akauliza tena. Mwalimu akajitetea, Mpemba akang'ang'ania, mwishowe mwalimu akasema hiyo basi ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalidaka neno hilo. Kila alipokosea hesabu, hata logi tu aliyoisoma vibaya kwenye jedwali, aliambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Mimi husimama hapo kila ninapowasimulia wanafunzi. Nawauliza wangapi wangeuliza mara ya tatu. Hawanyooshi mkono, na wana haki. Mtoto wa Kitanzania akichekwa na darasa zima mbele ya mwalimu, kesho yake anakaa nyuma.

Mpemba aliuliza mara ya tatu. Alianza kwa kujaribu mwenyewe: mchana mmoja alikuta maabara ya Biolojia iko wazi na hakuna mwalimu, akachukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bomba, nyingine ya moto, akaziingiza kwenye friji. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa Fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, akaja Mkwawa kutoa mhadhara. Wakati wa maswali Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vinavyolingana, maji kiasi kile kile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka. Baadaye wengine walimwambia amewaaibisha. Osborne alimuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, akajibiwa ndiyo, akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar.

Na alilijaribu, au tuseme alimpa fundi wa maabara alijaribu. Fundi alileta jibu ambalo ningependa liandikwe juu ya mlango wa kila maabara nchini. Alisema maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, lakini wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education. Jina la mwanafunzi likabaki kwenye jambo lenyewe: wanafizikia huliita athari ya Mpemba mpaka leo. Mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea wanyamapori kwenye chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi serikalini kwenye maliasili.

Sasa, je, ni kweli? Hapa ndipo wanafunzi wangu hukasirika, kwa sababu wanataka jibu la mtihani. Aristotle alishaandika jambo kama hilo, Francis Bacon pia, na Descartes. Maelezo yametolewa mengi: maji ya moto hupungua kwa mvuke, hutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake, huzunguka ndani ya chombo kwa namna nyingine, huyeyusha utando wa barafu chini ya trei na hivyo kugusana vizuri na ubaridi. Mwaka 2012 taasisi ya wanakemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, iliitisha shindano la maelezo bora ikapata majibu 22,000. Miaka minne baadaye watafiti Burridge na Linden wakachapisha kwamba walipopima kwa uangalifu hawakuiona athari yenyewe kwenye maji, na kwamba hata kuhamisha kipimajoto sentimita moja kunaweza kukuletea jibu tofauti. Wakati huohuo wengine wameikuta fizikia ya namna hiyo mahali ambapo hakuna maji kabisa: mwaka 2020 kwenye chembe ndogo zinazoelea, mwaka 2024 kwenye ayoni (atomu zenye chaji) zilizonaswa, na siku hizi kuna utafiti mzima wa athari ya Mpemba ya kwantamu, yaani kwenye fizikia ya chembe ndogo kabisa. Mvulana wa Magamba aliyehofia trei yake ameingia huko.

Jaribu kuiandika ripoti ya mwaka ya Magamba ya 1963 kwa mtindo wetu. Taaluma: kidato cha tatu wanaendelea vizuri. Nidhamu: mwanafunzi mmoja aliweka kitu cha moto kwenye friji la shule, ameonywa.

Siku hizi tunazo njia rasmi ambazo Mpemba hakuwa nazo. Young Scientists Tanzania ilianzishwa 2011 kwa mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza 1965, na huwakutanisha wanafunzi wa sekondari kutoka Bara na Zanzibar na tafiti zao. Kinachonivutia kule ni kwamba mtoto analazimika kusimama mbele ya waamuzi na kueleza alipimaje, si kukariri alichoambiwa. Klabu za mazingira za Roots & Shoots nazo, ambazo leo zipo nchi nyingi, zilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walipokutana kibarazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, wakiwa na manung'uniko yao: uvuvi wa baruti, ujangili, watoto wa mitaani. Hawakuitwa kupanda miti ili wapigwe picha. Walikuja na mambo waliyoyaona njiani.

Kwetu maonyesho ni ya ngazi ya chini zaidi, madawati yaliyopangwa chini ya mwarobaini. Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha tatu alileta mashine ya kutotoleshea vifaranga. Boksi la televisheni, balbu, kipimajoto cha maabara nilichomwazima kwa kusaini, sahani ya maji ili hewa isikauke, trei ya mayai. Mashine za namna hiyo zimo YouTube tele na sikushangaa. Nilichoshangaa ni daftari. Mtaani kwao umeme hukatika, na yai linataka nyuzi 37 na nusu kwa siku 21. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika alikaa na boksi akaandika joto kila baada ya dakika kumi. Kwanza boksi tupu. Kisha boksi lililofunikwa blanketi. Kisha blanketi pamoja na dumu la lita tano la maji ya moto ndani. Akachora michirizi mitatu kwenye karatasi ya grafu, na yote mitatu ilishuka kwa kasi mwanzoni, halafu ikalegea kadiri joto lilivyokaribia la nje. Ule wa dumu ulishuka polepole kuliko yote.

Hiyo ni Kanuni ya Newton ya kupoa. Kwenye mtaala hatakutana nayo kabla ya kidato cha tano. Aliifikia kwa kulinda mayai ya mama yake.

Mgeni rasmi alipofika mezani kwake alitazama boksi, akasema safi sana, halafu akamuuliza, “Hisabati unapata ngapi?”

“D, mheshimiwa.”

“Kaza buti, binti yangu.” Akahamia meza ya sabuni ya maji, akapiga picha na sabuni.

Hakuwa na nia mbaya. Ndilo swali tulilomfundisha yeye pia alipokuwa mwanafunzi. Na nakiri D ile ni tatizo: binti huyu asipoipandisha alama ya Hisabati mlango wa mchepuo wa sayansi utakuwa mgumu kwake, na karatasi yake ya grafu haitamsaidia kwenye dirisha la udahili. Nimemhamishia kwenye kundi la jioni. Lakini mtu anayeweza kuchora ule mchirizi na kueleza kwa nini unalegea hana kasoro ya akili ya hesabu. Ana mwalimu ambaye hakupatikana kidato cha kwanza kwa muhula mzima, kwa kuwa shule ilikuwa haina mwalimu wa Hisabati, na hilo nalo halimo kwenye ripoti.

Jirani zetu Kenya wana mfano ambao hupenda kuwatajia wakuu wa shule wanaosema mambo haya ni ya shule zenye fedha. Keriko ni sekondari ya kutwa, mchanganyiko, kijiji kinachoitwa Pwani huko Njoro, kaunti ya Nakuru, mbali kabisa na bahari. Walikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na madarasa yaliyofurika watoto wa familia maskini, karibu theluthi yao yatima au wenye mzazi mmoja. Bruda Peter Tabichi, Mfransisko anayefundisha hisabati na fizikia, aliikuza klabu ya sayansi ya pale. Wanafunzi wakaunda kifaa cha kumwezesha asiyeona na asiyesikia kupima vitu, wengine wakazalisha umeme kutokana na mimea ya hapo hapo, wakatambuliwa na ile ile Royal Society of Chemistry ya shindano la Mpemba. Machi 2019 Tabichi alipewa Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni 1, na mwaka huo wanafunzi wake wakaenda kushindana Arizona, Marekani. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu dola. Mimi nilivutiwa na jambo dogo: yeye na wenzake walikuwa wakiwafuata watoto nyumbani mwishoni mwa wiki kuona wanaishije. Ukishamwona mtoto kwao, ndipo unajua swali lake linatoka wapi. Binti wa boksi asingenieleza habari ya umeme wa kwao kama nisingemuuliza.

Baada ya maonyesho niliwasimulia klabu habari za Mpemba, na bila shaka walitaka kujaribu. Maabara yetu haina friji. Friza pekee ni la mama wa kantini, linakaa barafu za ubuyu. Walipomwendea na kikombe cha maji ya moto alinifuata mpaka ofisini. “Madamu, moto na friza wapi na wapi? Litaungua hili, na mkopo wa Vikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, sijamaliza.” Ilibidi nimwahidi kwamba likiharibika nitalitengeneza mimi, na kwamba vikombe vitakuwa vidogo, mwisho wa siku, ubuyu ukishauzwa.

Walijaribu kwa wiki nzima. Siku nyingine ya moto yaliwahi, siku nyingi ya baridi yaliwahi, siku moja ubuyu ulipangwa upande mmoja na kuvuruga kila kitu. Kijana mmoja aligundua kwamba kikombe kilichokaa karibu na ukuta wa friza huganda kwanza bila kujali kina nini, na akawataka wenzake warudie yote kwa kubadilishana nafasi. Wakagombana. Wakarudia. Mwisho wakaandika kwenye daftari la klabu kwamba hawajapata jibu, na wakaorodhesha sababu wanazozishuku, kwa mpangilio. Sijawahi kusahihisha kazi ya wanafunzi iliyokaribia hivyo mjadala wa kweli wa watafiti.

Kwa hiyo mwaka huu kipengele changu cha ripoti kilikuwa kirefu. Niliandika michirizi mitatu ya binti na dumu la maji. Niliandika kwamba klabu ya sayansi ilifanya jaribio la athari ya Mpemba kwenye friza la kantini na haikupata matokeo yanayokubaliana, nikaeleza kwa nini. UMISSETA nikaandika nani alifunga na katika mechi ipi. Mkuu wa shule alisoma yote kwa makini, ni mtu anayesoma, akaweka kalamu kwenye aya ya friza.

“Mwalimu, hapa unasema hawakupata jibu.”

“Ndiyo, mkuu.”

“Sasa haya ni mafanikio gani?”

Tulizungumza mpaka kengele ya mwisho. Siku ya kikao cha wazazi nilikaa nyuma nikisikiliza, na aya yangu ilisomwa yote, hakuna hata sentensi iliyokatwa. Mkuu alikuwa ameihamishia kwenye kipengele cha changamoto.